Impreza WRX ya EJ205 inadondosha oili kati ya injini na gia boksi: nihakikishe vipi chanzo kabla ya kushusha gia boksi?

Kitonga_GDA

Wakuu, habari za kazi.

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2003 (GDA), injini EJ205 yenye turbo, gia boksi ya mkono ya gia 5, kilomita 148,000. Oili ya injini ni 10W-40, imemwagwa na filta kubadilishwa kilomita 1,500 zilizopita.

Nikilaza gari juu ya katoni, asubuhi nakuta matone 3 au 4. Yanaangukia chini ya ule mwanya ambapo injini inaungana na gia boksi. Rangi ni ya hudhurungi iliyokolea. Kwenye kijiti, oili inashuka kama robo ya nafasi iliyopo kati ya F na L kila kilomita 1,000. Gari likipanda mlima mrefu kama Kitonga halafu likasimama, inanuka oili iliyoungua, na mara chache unaonekana moshi mwembamba chini ya boneti upande wa dereva. Ekzosi haitoi moshi, maji hayapungui, joto halipandi, taa ya oili haiwaki safarini.

Fundi ameangalia kwa tochi akasema ni sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili pale krenki inapotokea nyuma ya injini), gia boksi ishuke. Kazi hiyo ni kubwa na klachi inaguswa. Je, kuna namna ya kuthibitisha kwanza? Vitu gani vingine vinaweza kudondosha mahali hapohapo? Na je, harufu na matone vina chanzo kimoja?

---

Fundi_Bapa

Mkuu, gia boksi isishuke bado. Anza na hesabu, maana inakuonyesha pa kutafuta.

Tone la oili ni kama mililita 0.05. Matone 4 kwa usiku ni mililita 0.2. Kwenye Subaru, kutoka L hadi F ni takriban lita 1, kwa hiyo robo ni mililita 250, sawa na matone 5,000. Hata ukichukua mwezi mzima kumaliza hizo kilomita 1,000, matone ya katoni hayafiki mililita 10. Oili nyingine yote inaondoka injini ikiwa inazunguka. Kiasi inaweza kuwa inachomwa ndani, lakini harufu na moshi wa upande wa dereva vinasema nyingine inamwagikia chuma cha moto. Kwa hiyo unachokiona asubuhi kwenye katoni ni masalia tu.

Sasa upande. Kwenye injini hizi za EJ, turbo imekaa nyuma kulia, na bomba la ekzosi linaloipandia linapita hukohuko. Gari letu usukani uko kulia, hivyo "upande wa dereva" maana yake ni upande wa turbo. Sili ya nyuma ya krenki iko katikati, nyuma ya flaiwili, ndani ya nyumba ya klachi. Oili yake ikivuja inashuka moja kwa moja na kutokea mwanya wa chini, na ni shida kufika kwenye bomba la turbo hadi itoe moshi. Kwa hiyo sili peke yake haielezi dalili zako zote. Naona uwezekano mkubwa wa vyanzo viwili.

Kuhusu ule mwanya, usiuamini. Injini hii ni bapa, silinda zimelala kushoto na kulia, na juu ya bloku, chini ya manifoldi ya hewa, kuna bonde kabisa. Oili yoyote inayovuja juu inakusanyika humo, inasogea nyuma, inashuka mgongoni mwa bloku na kudondokea kwenye kiungo cha gia boksi. Ukiwa chini ya gari na tochi unaona kiungo kimelowa, basi sili inahukumiwa bila ushahidi.

Vinavyoweza kudondosha hapo, kutoka juu kwenda chini: swichi ya presha ya oili, ambayo imejificha mbele juu ya bloku chini ya altaneta, mipira ya hewa chafu ya krenki nyuma ya bloku, kona za nyuma za tapeti kava (vifuniko vya valvu) zote mbili, bomba jembamba linalopeleka oili kwenye turbo, pamoja na wosha zake, mpira mfupi unaorudisha oili kutoka turbo kwenda kwenye hedi ya kulia. Hivyo vyote viko nje ya nyumba ya klachi, havihitaji kushusha gia boksi. Ndani ya nyumba kuna bamba la kitenganishi cha oili mgongoni mwa bloku, kifuniko cha mviringo chenye o-ringi cha tundu la pini ya pistoni, sili ya nyuma ya krenki, na sili ya shafti ya kuingilia ya gia boksi.

Hiyo ya mwisho unaitenga bure. Chukua tone kwenye karatasi nyeupe, linuse. Oili ya gia boksi ya 75W-90 inanuka salfa kali, kama yai viza, na hata ikizeeka harufu haipotei. Oili ya injini inanuka moshi. Gia boksi yako ina kijiti chake, pima kwenye sakafu tambarare, gari likiwa limepoa. Ikiwa umajimaji ni mwembamba, hauna rangi na unakwangua rangi ya bodi, hiyo ni ya klachi, DOT 3 au 4, na silinda yake ndogo imekaa juu ya gia boksi. Wekundu ni ATF, mafuta ya usukani.

Ukishajua ni oili ya injini, osha. Bila kuosha kila utakachoona ni historia. Injini iwe baridi. Funika altaneta, fyuzi na mdomo wa hewa kwa mifuko ya plastiki, toa bamba la chini, pulizia dawa ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji ya presha ndogo. Usitumie mashine ya kuoshea magari kwenye koili na plagi za umeme. Na tafadhali, petroli isitumike. Mvuke wake karibu na waya na ekzosi ni moto unaosubiri cheche. Dizeli nayo inaacha utando wa mafuta unaokudanganya kesho yake.

Baada ya hapo, rangi ya UV, ile inayong'aa ukiimulika kwa taa ya UV. Iwe ile ya oili, siyo ya kulanti wala ya AC. Kipimo cha kawaida ni mililita 30 kwa injini inayobeba lita 4 na ushee. Mimina, washa dakika 15 ili ichanganyike, kisha endesha kama unavyoendesha siku zote, na kilima kiwemo. Angalia baada ya kilomita 20, rudia baada ya 100 na baada ya 200. Ukisubiri sana, kila kitu kimeng'aa na chanzo hakijulikani tena. Angalia injini ikiwa imezimwa na imepoa, mahali penye giza, ukivaa ile miwani ya njano. Na unapomwaga, usidondoshe hata tone nje ya shingo ya oili. Shingo iko mbele kulia, na oili iliyomwagika hapo inateremka upande uleule unaouchunguza.

Kanuni ya kusoma ni moja: tafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa. Oili inashuka kwa uzito na inarudishwa nyuma na upepo wa feni na wa mwendo. Haipandi, wala haiendi mbele. Kilicho chini na nyuma ya hapo ni njia tu.

---

TurboMoro

Naongezea juu ya mambo mawili aliyoyataja Fundi_Bapa.

Swichi ya presha. Vuta soketi ya umeme ya hiyo swichi, ni waya mmoja. Ukikuta oili ndani ya kifuniko cha mpira, swichi imepasuka kiwambo chake na oili inapita katikati yake. Hakuna kukaza, ni kubadilisha. Altaneta inatoka kwanza, na kabla ya altaneta unafungua waya wa hasi wa betri. Uzi wa swichi ni BSPT ya 1/8, uzi wa koni wenye meno 28 kwa inchi. Wanaofunga geji za ziada huweka kiungo cha NPT ya 1/8 chenye meno 27. Kinaingia, kinakaza, kinaonekana sawa, halafu kinatoa jasho maisha yake yote. Kama gari lako lina geji ya oili iliyofungwa baadaye, anzia hapo kabla ya kingine chochote.

Usizungushe tepu nyeupe ya bomba. Swichi ya waya mmoja inapata hasi kupitia uzi wake kwenye bloku, tepu ikiwa nene taa inaweza isiwake siku presha ikikosekana, na vipande vyake vinaweza kuingia kwenye njia ya oili. Tumia gundi ya uzi ya maji kidogo, acha meno mawili ya mwanzo makavu. Ukimaliza, geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa lazima iwake.

Mpira wa kurudisha oili wa turbo. Huo umekaa kati ya turbo na hedi, unapikwa kila siku. Baada ya miaka 20 unakuwa mgumu kama plastiki, na klipu haina tena cha kubana. Oili inatoka chini ya klipu, inashukia kwenye bomba la ekzosi, na hiyo ndiyo harufu yako ya Kitonga kwa mawazo yangu. Ubonyeze kwa bisibisi: ukiwa mzima unabonyea, ukiwa umekufa unasikia kama unagonga mfupa.

Weka mpira halisi wa kazi hiyo. Watu hukata kipande cha mpira wa rejeta chenye kipenyo kilekile. Mpira wa rejeta kwa kawaida ni wa EPDM, unavumilia maji na glaikoli, lakini oili inauvimbisha na kuulainisha hadi unachomoka. Utapata wiki chache, kisha oili itamwagika kwa wingi juu ya ekzosi yenye moto mkali. Hapo gari linaungua.

---

Nm72

Kabla hujabadilisha sili, gasketi au mpira wowote, pima kinachoisukuma oili. Hewa ya pistoni inayopenya kwenye krenki lazima ipate njia. Njia ikiziba, presha inapanda na oili inatokea penye udhaifu. Ukiweka sili mpya juu ya tatizo hilo, itavuja tena, au itavuja jirani yake.

Valvu ya PCV, inayopitisha hiyo hewa chafu ya krenki kwenda kwenye manifoldi, ni ya bei ndogo. Itoe, itikise: lazima igonge ndani. Ipulize: ipitishe upande mmoja tu. Kama haigongi, weka mpya, kuosha kunasaidia kwa muda mfupi. Kisha injini ikiwa ya moto na sailensi (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta) imetulia, toa kifuniko cha oili, vika glavu nyembamba ya mpira kwenye shingo. Ikivutwa ndani kidogo au ikibaki imelala, vizuri. Ikisimama kama mkono unaokusalimia, kuna presha.

Lakini kwenye turbo kipimo hicho ni nusu tu ya habari. Sailensi inapima njia ya PCV kwenda kwenye manifoldi. Turbo ikianza kusukuma, manifoldi inakuwa na presha, PCV inajifunga, na hewa chafu inapitia mipira mingine inayotoka kwenye tapeti kava na bloku kwenda kwenye bomba la hewa lililo kabla ya turbo. Mipira hiyo ikiwa imeziba kwa tope la oili au imejikunja, glavu italala vizuri kwenye sailensi na bado gari litavuja mlimani. Dalili zako zinakuja mlimani. Toa intakula (kipoza hewa ya turbo), fuata mpira mmoja mmoja, pulizia kwa mdomo. Ukiona nyufa, badilisha. Utando mwembamba wa oili ndani ya intakula ni kawaida. Oili inayotiririka ukiiinamisha siyo kawaida.

PCV na mipira vikiwa sawa na presha bado ipo, pima kompresheni na uvujaji wa silinda, maana huenda ringi zimechoka. Hapo gasketi hazitakusaidia.

Intakula ikiwa nje, fanya jambo lingine. Juu ya gia boksi kuna uma wa klachi wenye kifuniko cha mpira. Kisogeze, ingiza kamera ndogo ya waya, zile zinazochomekwa kwenye simu. Angalia ndani ya nyumba ya klachi. Sili ya krenki ikivuja, oili inadakwa na flaiwili na kurushwa, hivyo utaona mduara wa michirizi kwenye kuta za ndani. Bamba la kitenganishi likivuja, oili inateremka bloku kwa mstari ulionyooka na kuta zinabaki na vumbi kavu la klachi. Na nyumba nzima ikiwa kavu, chanzo kiko nje, gia boksi inabaki mahali pake.

---

Kitonga_GDA

Ahsanteni sana wakuu. Majibu ya ukaguzi:

Tone halina harufu ya salfa, gia boksi iko kwenye alama. PCV haigongi kabisa ikitikiswa. Glavu ilijaa nusu kwenye sailensi. Baada ya kuweka PCV mpya inavutwa ndani. Mipira ya hewa chafu inapitisha, mmoja una ufa karibu na klipu.

Injini imeoshwa, rangi ya UV mililita 30. Kilomita 20: mpira wa kurudisha oili wa turbo unang'aa chini ya klipu ya chini, mstari unashuka hadi kwenye kinga ya joto ya ekzosi. Kilomita 100: bonde la juu ya bloku lina mstari unaoanzia chini ya altaneta kwenda nyuma, na soketi ya swichi ya presha ina oili ndani. Kilomita 200: kona ya nyuma ya chini ya tapeti kava ya kushoto ina unyevu, haidondoshi. Kamera ndani ya nyumba ya klachi: vumbi kavu, hakuna michirizi ya mduara, hakuna mstari kwenye bloku.

Naagiza swichi, mpira wa turbo na klipu zake. Je, tapeti kava ya kushoto niiache au niifungue sambamba? Gereji wanapendekeza kupaka silikoni kwa nje.

---

Mzee_wa_Sili

Silikoni ya nje haishiki, mwanangu. Oili inasukuma kutoka ndani, nje pana utando wa oili, na silikoni inahitaji chuma kikavu. Ndani ya wiki mbili inabanduka. Na ikipakwa kwa ndani kwa wingi ni hatari zaidi: kinachobinyika ndani kinakauka, kinakatika, kinaanguka kwenye sampu na kuziba chujio la kunyonyea oili. Turbo na beringi za krenki ndizo zinazokufa mwanzo.

Unyevu usiodondosha unaweza kusubiri. Ila plagi zikikaribia muda wake fungua kwa pamoja, maana kazi ni ileile. Chomoa koili za kushoto kwanza uangalie mashimo ya plagi. Yakiwa na oili, sili za mirija ya plagi zimekwisha na kava inafunguliwa sasa hivi, kwa sababu oili inalainisha mpira wa koili na injini inaanza kukosa moto.

Utaratibu wenyewe: upande wa kushoto betri inatoka pamoja na tangi la maji ya vioo ili upate nafasi. Weka chombo chini, kwenye injini bapa kava imesimama wima na oili itamwagika. Nunua seti kamili: gasketi ya kava, sili za mirija ya plagi, na wosha za mpira za bolti. Hizo wosha ndizo zinazosahaulika, na zikiwa ngumu kava haibanwi hata gasketi ikiwa mpya. Safisha mfereji wa kava na uso wa hedi kwa kitambaa na dawa ya breki, usikwangue aluminiamu kwa kisu. Tia silikoni ya oili kiasi cha punje ya mchele pale tu ambapo kifuniko cha kamshafti kinakutana na hedi, kwenye zile kona. Kwingine gasketi ikae kavu.

Bolti zikazwe kwa awamu mbili, kuanzia katikati kwenda nje, kwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 hadi 6.4 kutegemea kitabu cha injini yako. Hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono. Bolti hizi zina bega, zikifika bega zinagota na hazibani zaidi, ukiendelea unang'oa uzi wa aluminiamu. Kava inayovuja ikikazwa kwa nguvu haiponi, kwa sababu ugonjwa ni mpira uliokufa.

Mpira wa turbo: toa kinga ya joto, ondoa klipu, kata mpira wa zamani kwa urefu badala ya kuuvuta, usije ukakunja mrija. Sugua mirija yote miwili hadi chuma king'ae, kutu na mkaa vinaacha njia ya oili. Klipu mpya zikae nyuma ya kile kinundu cha mrija. Hakikisha mpira unashuka bila kujikunja. Oili inatoka kwenye turbo kwa uzito wake tu, haina presha upande huo. Njia ikibanwa inajaa ndani ya turbo, inapenya kwenye sili za shafti, na utaona moshi wa bluu ukadhani turbo imekufa.

Ukilegeza bomba la kupeleka oili kwenye turbo, wosha zake zisirudiwe hivihivi. Mpya ndiyo sahihi. Ukikosa, na kama ni za shaba tupu, zipashe moto hadi ziwe nyekundu, zitumbukize kwenye maji, zisugue: zinakuwa laini tena na kushika. Kwenye baadhi ya injini hizi bolti ya bomba hilo ina kichujio kidogo ndani. Kitazame kwenye mwanga. Kikiwa na tope, turbo inakula kwa shida.

---

Fundi_Bapa

Nimefurahi kwamba kamera imeonyesha ndani pakavu. Niseme kidogo kuhusu siku klachi itakapofika mwisho na gia boksi ikashuka kwa haki yake, kwa sababu hapo watu hufanya kosa la kinyume.

Angalia bamba la kitenganishi. Injini nyingi za miaka hiyo zilitoka na la plastiki, linapinda kwa joto na kuvuja. Weka la chuma, namba yake ni 11831AA210. Skurubu zake zinafunguka kwa shida, gonga bisibisi ya msalaba inayojaa vizuri kwa nyundo kabla ya kuzungusha. Safisha uso hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, chora uzi wa silikoni ya oili wa milimita 3 bila kukatika, funga ndani ya dakika chache kabla haijaanza kushika, kaza Nm 6.4. Kisha subiri. Siku nzima ni bora kuliko saa mbili.

Sili ya nyuma ya krenki ikiwa kavu kabisa, iacheni. Najua wengi hawakubaliani na hili, wanasema "tumeshafika, tuweke mpya". Sili ya kiwandani iliyokaa sawa hudumu sana, na sili mpya iliyoingizwa pembe au iliyokwaruzwa mdomo inaanza kuvuja siku ya kwanza. Ikiwa imelowa, ibadilishe, ukihakikisha inakaa sambamba na uso wa bloku pande zote na mdomo wake umepakwa oili. Pitisha ukucha kwenye krenki. Ukikwama kwenye mfereji, ingiza sili kina tofauti kidogo ili mdomo uguse chuma kipya.

Flaiwili ina bolti 8, Nm 72, kwa msalaba.

---

Nm72

Mpangilio wangu kwa kazi yako: badilisha ule mpira wenye ufa na swichi kwanza, kisha mpira wa turbo, halafu osha tena bonde la juu kwa dawa na ufute kwa kitambaa. Usipoosha, oili ya zamani iliyolala humo itaendelea kudondoka kwenye kiungo kwa wiki mbili na utadhani kazi imeshindikana. Rangi ya UV iliyobaki kwenye oili bado inafanya kazi, hivyo huna haja ya kuongeza nyingine kabla ya kumwaga oili.

Katoni mpya, tarehe na kilomita ziandikwe pembeni. Pima kijiti asubuhi, sakafu ileile. Kwa vile PCV nayo imebadilika, ule unyevu wa tapeti kava unaweza kupungua wenyewe. Uangalie kwa taa ya UV baada ya kilomita 500 ndipo uamue kuhusu gasketi.

Na jambo moja ambalo halijaulizwa: mtu akikuambia jasho la chini ya hedi ni gasketi ya silinda hedi, mwambie akuonyeshe kwa rangi. Tabia ya kuvujisha oili na maji kwa nje kwenye gasketi ya hedi inajulikana zaidi kwa zile EJ25 za kamshafti moja zisizo na turbo. EJ205 ikiua gasketi ya hedi, mara nyingi utaona mapovu kwenye tangi la maji au joto kupanda, na wewe huna lolote kati ya hayo.

---

Kitonga_GDA

Nimeelewa. Swichi, mpira wa hewa na mpira wa turbo vinafungwa wiki hii, kava inasubiri kilomita 500. Swali la mwisho: rangi ya UV ikibaki ndani ya oili hadi muda wa kumwaga, ina madhara kwa turbo?

---

TurboMoro

Haina, mradi iwe ile iliyotengenezwa kwa oili ya injini na kwa kipimo ulichotumia. Itatoka na oili ukimwaga. Usirudie kumimina chupa nyingine juu yake, na ukifunga swichi kumbuka kuifuta vizuri sehemu ya chini ya altaneta kabla ya kuirudisha, oili inaharibu brashi zake.